Boti ya Starehe Ikivuka Mpaka, Nahodha Aripoti Lini?

Mwaka 2011, Mmarekani mmoja alikuwa akivua samaki kwa ndoano katika Mto Saint Lawrence, upande wa Kanada, kwenye eneo la visiwa liitwalo Thousand Islands. Hakuwa ametia nanga wala kukanyaga nchi kavu. Maofisa wa mpakani wa Kanada walimfikia wakamwambia alipaswa kuripoti tangu alipoingia maji yao, kisha wakamtaka alipe dola 1,000, la sivyo boti yake ingechukuliwa. Alilipa.

Kisa hicho kiliwaudhi watu wa kingo zote mbili za mto, na hasira yao ilikuwa ya haki. Visiwa vya hapo ni zaidi ya 1,800, na mpaka unapenya katikati yake kwa kupindapinda. Kwenye ramani unauona, majini huuoni. Anayefuata samaki au anayekwepa mwamba anaweza kuingia Kanada na kurudi Marekani mara kadhaa asubuhi moja. Kumtaka aripoti kila mara ni kumpa amri isiyotekelezeka.

Mwaka 2017 Bunge la Kanada lilirekebisha sheria kupitia muswada S-233, ulioanzishwa na Seneta Bob Runciman. Tangu hapo, boti inayoingia maji ya Kanada na kutoka haidaiwi kuripoti iwapo haikutia nanga, haikufunga gatini, haikushusha mtu na haikukutana na chombo kingine, isipokuwa ofisa akitaka nahodha aripoti.

Sharti la kutokutana na chombo kingine ndilo linaloonyesha kuwa waliotunga sheria hii walilijua jambo lenyewe. Magendo ya majini hayahitaji gati. Boti mbili zikisogeleana kwa dakika chache, mzigo umeshahama nchi. La nanga lina utata zaidi. Mvuvi anayeelea na mkondo akiwa amezima injini yuko huru. Akishusha nanga palepale ili asipeperushwe na upepo, amekuwa mtu aliyewasili Kanada. Nakubali kwamba sheria lazima ikate mahali fulani, na kwamba boti iliyotulia hupokea mzigo kwa urahisi kuliko inayokwenda. Hata hivyo, ningependa mvuvi huyo aonywe kwanza kabla ya kutozwa.

Wapo wanaosema masharti yote haya ni kazi bure, kwa sababu mhalifu hapigi simu forodhani. Hoja hiyo inavutia, lakini inakosea kuhusu kazi ya sheria yenyewe. Wajibu wa kuripoti haumsubiri mhalifu awe mkweli. Unachofanya ni kuugeuza ukimya wake kuwa kosa, hivyo ofisa akiikuta boti imefunga gatini bila taarifa, ana sababu ya kuuliza na kupekua hata kama mzigo haujaonekana. Na hatari ya mto huo si ya kubuni. Machi 2023, watu 8 wa familia mbili, wakiwemo watoto wadogo, walikufa majini karibu na Akwesasne, ardhi ya Wamohawk, jamii ya wenyeji asilia, inayogusa Ontario, Quebec na New York, wakijaribu kuingia Marekani kwa boti. Anayetaka doria zilegezwe hana budi kuwakumbuka hao pia.

Kwa mtu mwema, utaratibu wenyewe si mzito. Upande wa Kanada nahodha hupiga simu akifika kituo kilichoteuliwa. Wengine na mizigo hubaki botini mpaka ruhusa itolewe, naye hupewa namba ya kuhifadhi kama ushahidi. Upande wa Marekani ipo programu ya simu iitwayo CBP ROAM: unatuma taarifa za boti na za abiria, na ofisa anaweza kutaka mzungumze kwa video. Hii imewapunguzia wengi safari ya kutafuta ofisi. Tatizo ni kwamba inategemea chaji na mtandao, vitu ambavyo mtu aliyelowa mvua kisiwani anaweza kuvikosa vyote viwili.

Hapo ndipo adhabu za Marekani zinaponitia shaka. Sheria inamtaka nahodha aripoti mara tu anapofika, na asipofanya hivyo faini inaweza kufika dola 5,000 kwa kosa la kwanza na dola 10,000 kwa kila kosa linalofuata, na boti yenyewe inaweza kutaifishwa. Kwa msafirishaji wa magendo, hiyo ni gharama ya biashara. Kwa baba aliyewapeleka wanawe kuogelea ng'ambo akasahau kupiga simu jioni, ni pigo la mwaka mzima. Maofisa wana uwezo wa kumpunguzia, lakini huruma ya ofisa hubadilika kutoka zamu hadi zamu. Heri onyo la maandishi kwa kosa la kwanza lisilo na mzigo wala mtu aliyefichwa liandikwe ndani ya sheria, kama Kanada ilivyoliandika sharti la boti mbili kukutana.