Sanduku la Mchanga Liwekwe Kabla Tumbo Halijaonekana

Wengi wanaofuga kinyonga jike kwa mara ya kwanza huanza kuulizia habari za kutaga wakiwa wamechelewa. Jike amekwisha kuwa na tumbo la vinundu, amesusa chakula, anazunguka chini ya kizimba akikwaruza pembeni kana kwamba anatafuta mlango, ndipo mwenyewe anauliza mchanga gani unafaa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kutaga kwa mara ya kwanza kunaua majike wengi ambao wangeweza kupona. Maandalizi yake yanaanza miezi kadhaa nyuma, wakati hata dalili moja haijaonekana.

Kwanza tuondoe dhana moja: hana dume, basi hatataga. Si kweli. Jike wa kinyonga wa Yemen, aina ninayoizungumzia hapa, hutaga kama kuku, awe amepandwa au hajapandwa. Anaweza kubeba mayai akiwa na miezi mitano au sita tu, mwili wake wenyewe ukiwa bado unakua. Ndiyo maana kwangu mimi jambo la kwanza ni chakula, na hapa napingana na wafugaji wengi wenye moyo mzuri. Wanamlisha kila anapofungua mdomo, na taa ya joto inawaka kwa nguvu kutwa nzima. Mwili ukipata joto jingi na chakula tele hutengeneza mayai mengi, hata 60 na zaidi, na mzigo huo ndio unaomvunja. Akishakaribia ukubwa wake kamili, mpunguzie: wadudu watatu hadi watano, siku moja ale, siku moja apumzike. Pale anapoota joto, nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi zinamtosha. Kumnyima huku kunauma, najua, maana macho yale yanakufuata chumbani kote. Lakini ni huruma.

Kalsiamu haina mjadala. Maganda ya mayai yanaihitaji, na misuli inayosukuma mayai nje inaihitaji pia. Ikipungua, mwili huichota kwenye mifupa. Nyunyizia wadudu unga wa kalsiamu isiyo na vitamini D3 karibu kila mlo, na ile yenye D3 mara chache tu kwa mwezi. Taa ya UVB, ile inayotoa mionzi kama ya jua, nayo iwe nzima, kwani bila mionzi yake kalsiamu hiyo haitumiki ipasavyo. Taa hizi huchoka kabla hazijazimika, kwa hiyo kuwaka kwake kusikudanganye.

Sasa sanduku la mchanga la kutagia. Liweke kizimbani tangu akiwa na miezi minne au mitano, na lisiondoke. Jike aliyelizoea hushuka mwenyewe siku ikifika. Aliyewekewa ghafla anaweza kuliogopa na kuendelea kuyazuia mayai. Ndoo au beseni lisilopitisha mwanga linafaa, lenye upana wa kumwezesha kugeuka, na mchanga wa kina cha sentimita 20 hadi 30. Tumia mchanga uliooshwa, au uchanganye na udongo usio na mbolea wala dawa. Unyevu ndio siri yake. Chomeka kidole hadi mwisho, kitoe, utazame: tundu likibaki wazi, uko sawa, likiporomoka, ongeza maji kidogo, yakichuruzika, umezidisha. Elekeza tawi moja au mawili hadi kwenye sanduku ili ashuke na kupanda bila kuhangaika.

Akianza kuchimba, toweka. Funika kizimba kwa shuka, uache upenyo mdogo sana wa kuchungulia. Kinyonga akijua anatazamwa huacha shimo na kupanda juu, na akikatizwa mara kwa mara anaweza kuacha kabisa. Huchimba kichwa kikiwa chini, miguu ya nyuma ikisukuma mchanga nje, pua na kope zikiwa zimejaa vumbi. Shimo likimridhisha hugeuka, uso ukaelekea mlangoni, akataga. Kisha hufukia na kushindilia kwa miguu. Kazi hii inaweza kupita usiku na kuingia siku ya pili, na si ajabu akaacha shimo la kwanza na kuanza jingine. Mwache.

Usichopaswa kukivumilia ni jike aliyefumba macho mchana, macho yamedidimia, hana nguvu ya kushika tawi, au amechimbachimba kwa siku kadhaa bila kutaga. Hapo mayai huenda yamekwama. Mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua mijusi. Usimkande wala kumbinya tumbo, mayai yanaweza kupasukia ndani.

Akimaliza atakuwa amekonda na mchafu. Mpe maji kwa kunyunyizia majani muda mrefu, na kwa siku chache tu mlishe vizuri pamoja na kalsiamu, kisha urudi kwenye kipimo chako. Kama hakupandwa, fukua mayai uyatupe. Kama alipandwa, yahamishe bila kuyageuza, yakae kwenye joto la nyuzi 26 hivi. Yataanguliwa baada ya miezi sita hadi tisa. Sanduku lisafishe, badilisha mchanga, ulirudishe palepale, kwa sababu anaweza kubeba mengine ndani ya miezi mitatu au minne.