Baiskeli ya kilo 58

Mimi ni mfupi. Sentimita 163 kwa kipimo cha zahanati, na nesi alisahau kunivua viatu. Uzito kilo 58. Hiyo namba ya pili ishike, ndiyo iliyoniponza.

Jumamosi moja niliingia kwenye banda la baiskeli za mtumba hapa Moshi kutafuta ya resi, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za beberu. Nikaiona moja nyekundu, nyembamba, imetundikwa. Chini ya siti kuna kibandiko: 58.

"Mangi, hii 58 ni nini?"

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari isiyochukua muda. "Wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Sasa unauliza nini? Si yako hiyo!"

Nikalipa. Alishusha siti mpaka ikagota, bado nikapandia kwenye ngazi ya duka la jirani. Sikushtuka. Tangu darasa la kwanza nimevaa sare za "utakua nazo", nikasahau kwamba sasa nina miaka 34.

Kwenda, ilikwenda. Usukani ulikuwa mbali, nimelala juu ya bomba kama shuka kwenye kamba, lakini ilikwenda. Kusimama ndiko kulikokuwa na masharti: lazima nipate ukingo wa barabara, jiwe au ngazi. Ndani ya wiki moja nilikuwa najua kila jiwe la maana hapa mjini.

Jumapili nikajaribu barabara ya Arusha. Nimefika Mailisita, trafiki kasimama katikati ya lami, mrefu kama mgrevilea, kasimamisha magari ili kundi la watoto wavuke. Akaniinulia mkono na mimi. Nikaangaza huku na huku: hakuna jiwe.

"Simama!"

"Siwezi, afande!"

"Unakaidi amri?"

"Sifiki chini, afande!"

Watoto walikuwa wameshavuka, barabara yote tupu, nikaanza kumzunguka. Afande naye anageuka kila ninapokwenda, asije akanipa mgongo. Abiria wa Coaster wametoa vichwa madirishani, bodaboda wanahesabu. "Ya tatu hiyo!" Mama mmoja muuza ndizi ndiye pekee aliyeelewa. Alikuja mbio na kreti la soda, akalibwaga pembeni ya lami. "Mwanangu, kanyaga hapa!"

Nikakanyaga. Kreti likapinduka. Mguu ukaendelea na safari ya kutafuta ardhi, na kabla haujafika, bomba la juu likanipokea.

Sitaeleza zaidi. Wanaume wameshaelewa, na yule mama alifunika macho kwa khanga. Nilichokumbuka baadaye ni sauti ya afande, sasa ya upole kabisa: "Pole, kaka. Usiinuke kwanza."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeikokota baiskeli hadi kwa fundi mmoja, mzee, chini ya mwembe. Fundi akanivua viatu, akanisimamisha nimeegemea shina, akachomeka daftari lake la madeni katikati ya mapaja na kulipandisha mpaka nikamwomba kwa jina la Mungu. Akapima toka chini hadi kwenye mgongo wa daftari: 77. Akatoa simu, akazidisha kwa 0.67.

"Hamsini na moja na ushee. Fremu yako ni 52."

"Mbona hii 58 nalingana nayo kilo?"

Fundi akamtazama afande. Afande akatazama mlima, ingawa siku hiyo ulikuwa na mawingu. "Hizo ni sentimita, mwanangu," fundi akasema. " Toka katikati ya ekseli inayozungushwa na pedeli hadi bomba linapoishia chini ya siti." Kisha akapima toka ardhini hadi bomba la juu: 82. Tofauti hakuitaja. Sentimita hizo tano tulikuwa tumeshakutana.

Afande akaomba aijaribu. Akainua siti, akapanda bila ngazi wala jiwe, akaenda na kurudi, akasimama, miguu yote miwili chini. Hata nami nilikiri kwamba imempendeza. Tulikubaliana bei palepale, kwa hasara yangu.

Sasa nina 52. Lakini kila nikipita Mailisita, afande ananisimamisha. Sina kosa lolote. Ananitazama tu mguu mpaka ukanyage lami, kisha anasema, "Haya, pita."