Besi ya mwanafunzi: fundi kwanza au spea kwanza?

Mama mmoja wa mtaani kwetu Kikwajuni, Unguja, alinifuata baada ya sala ya Isha na swali ambalo wazazi wenye vijana wanaojifunza muziki hulifikia mapema. Mwanawe ana miaka 15 na anajifunza besi, gitaa la sauti nzito. Gitaa lake ni la nyuzi nne, la bei ya wanaoanza, na lilinunuliwa likiwa limeshatumika. Tangu masika yaishe uzi mnene unakoroma, sauti inakatika waya ukiguswa, na ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi haushiki. Kijana anataka waagize Dar pikapu mpya (kile kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi), daraja jipya (pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa) na seti nzima ya funguo. "Kaka, nitume pesa au nisitume?" akaniuliza.

Wazo la kijana si la kubezwa. Amelitoa kwenye video za wapigaji wa Marekani na Uingereza, na kwao lina hesabu yake. Kule saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya spea yenyewe, na spea inaletwa mpaka mlangoni. Huku kwetu hesabu imepinduka. Fundi redio akishika kifaa chake cha kulehemu, waya uliokatika anaurudisha kwa pesa ndogo tu, lakini pikapu italipiwa usafiri, itapanda boti, na huenda ikifika haiingii kwenye nafasi yake. Kwetu kazi ya mkono ni rahisi, kitu chenyewe ndicho ghali. Ushauri ulio sawa kule ukiufuata huku bila kuupima unakula hasara.

Nililipakata lile gitaa nikaanza na lile lililomtia kijana hofu zaidi, kukoroma. Ukibana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, katikati, kwenye freti ya saba au ya nane, panatakiwa pabaki upenyo mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Hapakuwa na upenyo kabisa. Uzi ulikuwa umelala juu ya freti. Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na ndani ya shingo kuna chuma kinachovuta upande wa pili ili isipinde. Mbao ikinywa unyevu wa miezi mitatu ya mvua, mizani ile inahama. Niliingiza alenki, nikalegeza robo mzunguko tu, nikaliacha gitaa lilale hadi kesho yake. Haraka hapa ni hatari, maana chuma kile kikikatika ndani, shingo imekwenda. Asubuhi upenyo ulikuwepo, na kukoroma kumebaki kidogo sana, kwenye freti mbili za juu.

Sauti kukatika ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nati ya tundu la kuchomekea waya ililegea, tundu likawa linazunguka kila linapoguswa, mpaka waya wa ndani ukang'oka. Ukalehemewa. Kitasa cha sauti nacho kilikuwa kinakwaruza. Tulikipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, tukakizungusha huku na huku mara thelathini hivi, kikanyamaza. Nyuzi zilikuwa na kutu ya kuchafua vidole, na kwa hizo hapana mjadala, zinunuliwe mpya. Hewa ya bahari na jasho haviachi uzi salama, na mwenye kufuta nyuzi zake kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga atazitumia muda mrefu zaidi.

Mpaka hapo upande wa matengenezo unaonekana umeshinda, lakini upande wa pili una haki yake. Ule ufunguo usioshika niliukaza skrubu, ukakaa siku mbili, ukalegea tena. Meno yake yamelika. Hapo fundi hana la kufanya, na kuendelea kuvumilia ni kumdhulumu mtoto. Anayejifunza kwenye gitaa linaloshuka sauti kila baada ya nyimbo mbili analizoesha sikio lake makosa. Kwenye taarab ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu fidla na kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, zinamsikiliza yeye aliye chini. Besi ikishuka, wote wanaonekana wamepanda. Kwa hiyo kwenye funguo nakubaliana na kijana moja kwa moja, ila kwa sharti moja: apime kwanza upana wa tundu kwenye kichwa cha gitaa. Nimeona shingo nzuri ikipasuliwa kwa dreli ili kulazimisha ufunguo mnene.

Kwenye pikapu nilimkatalia. Kijana anasema gitaa halina uzito. Lakini anapigia spika ndogo ya chumbani, na uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa mitikisiko 41 kwa sekunde. Spika ile haina kifua cha kuitoa sauti hiyo, hata ukiifungia pikapu ya bei gani. Tulilipeleka gitaa mazoezini tukalichomeka kwenye amplifaya kubwa ya kikundi. Aligusa uzi mara moja, akanitazama, akaugusa tena. Pikapu ilikuwa ile ile.

Tena kuna swali la sauti yenyewe anayoitaka. Masikio yetu yamelelewa na kontrabesi la taarab na sanduku la kidumbak, lile la uzi mmoja na fimbo. Ni sauti ya mviringo, nzito, inayogonga na kuondoka. Pikapu nyingi zinazosifiwa kwenye video hunoa mlio na kuung'arisha, yaani zitampeleka mbali na anakotaka kwenda. Nyuzi bapa, zisizo na mikwaruzo, zitamsogeza karibu zaidi, na kipande cha sponji kilichobanwa chini ya nyuzi karibu na daraja kitamsogeza zaidi bado. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipiga besi ya Fender Precision ya 1962 kwa nyuzi bapa, na anajulikana kwa kutopenda kuzibadilisha.

Kuhusu fedha, seti ya nyuzi za kawaida ni dola 20 hivi za Marekani, na pikapu nzuri hupita 70. Ongeza daraja na funguo, umeikaribia bei ya gitaa jingine jipya la wanaoanza, na siku ya kuuza hakuna mnunuzi wa hapa atakayekulipia spea hizo. Anayezitetea atasema zinaweza kuhamishiwa gitaa lijalo. Ni kweli, ikiwa gitaa lijalo lina nafasi za vipimo vile vile.

Nilimwambia mama atume pesa ya nyuzi na funguo, pikapu aiache. Limebaki daraja. Skrubu inayopandisha uzi mnene imeshikwa na kutu, na ndiyo inayozuia kumaliza kukoroma kwa zile freti mbili. Tumeitia mafuta jana jioni. Ikizunguka tutaokoa daraja zima, na isipozunguka hadi Ijumaa kijana ameshapima umbali wa matundu kwa rula, vipimo amevikunja ndani ya begi la gitaa.