Herufi hewa za Waingereza zitanitoa roho

Yani mi nimeshapambana na mengi, rimu iliyopinda kama nane nimeinyoosha, mteja wa "ziba pancha fundi, hela nakuletea jioni" nimemvumilia na jioni yenyewe saivi ina miezi mitatu haijafika, ila hii o-u-g-h ya binti yangu jamani imenishinda.

Iko hivi. Binti kaingia fomu wani mwaka huu. Miaka saba ya msingi kasoma kila kitu kwa Kiswahili, leo ghafla mpaka jiografia ni Kiingereza, basi wanagawiwa misamiati kwa mafungu kama dagaa. Juzi karudi na fungu la maneno yote yana hizo herufi nne, anatakiwa ajue kuyatamka na maana zake, na wa kumsikiliza ni nani? Si baba mtu, mi hapa, grisi mpaka kwenye kiwiko, niko bandani kwangu Ngamiani napigana na baiskeli za watu (Tanga hii baiskeli ndo miguu, kazi sikosi, hela ndo nakosa).

Tukaanza vizuri tu. Tough, taf, maana yake kigumu, au mtu asiyekubali kushindwa. Sawa. Rough, raf, kitu kinachokwaruza, hilo hata mi nalijua, ndo rafu yenyewe, Coastal wakicheza Mkwakwani si tunapiga kelele refa rafu hiyo! Na ona sisi tulivyolipokea, tumelisuuza tukaandika r-a-f-u, kwisha, kila herufi ina kazi yake. Enough, inaf, yatosha. Nikasema kumbe rahisi hivi, o-u-g-h ni af. Kichwa kikavimba. Nikaona dough nikalitamka kwa sauti ya kiume, DAF!, mpaka mteja kwenye benchi akageuka.

"Sio baba, hiyo ni do. Unga uliokandwa."

Eh. Haya though? Dho, ulimi uuchomoze kati ya meno, maana yake ingawa. Basi through itakuwa thro. "Sio baba, thruu." Kupitia. Cough ni kof, kukohoa. Bough ni bau, tawi kubwa la mti. Drought ni draut, ukame. Thought ni thoot, wazo, na hapo mawazo yangu yote yalikuwa yameshakauka kama huo ukame. Halafu kuna thorough, wanasema thara, yani kufanya jambo kwa makini bila kuruka hatua, neno ambalo wenyewe wakati wa kuliandika hawakulifuata.

Sa mi nikauliza swali la mtu mzima. Through ina herufi saba, hizo g na h pale nyuma zinafanya nini? Maana kazi hazifanyi, sauti hazina, lakini kwenye orodha zipo. Mnakumbuka ule uhakiki wa 2016 wa watumishi hewa, jina kila mwezi linapokea mshahara na mtu mwenyewe hayupo? Ndo hao hao, ila wa Uingereza hajatokea wa kuwahakiki.

Jioni nikapeleka malalamiko barazani kwenye kahawa, pana ticha mmoja mstaafu, ukimgusa Kiingereza umemwashia moto. Akaniambia zamani hiyo gh Waingereza walikuwa wanaitamka kabisa, kama kh yetu ya kheri, night walikuwa wanaitolea kooni. Makoo yakachoka, maandishi yakabaki. Nikamwambia ticha, si wangetuletea sisi watu wa pwani, tungewatamkia kwa bei nafuu. Akacheka, akaniongezea ghost, mzuka. Zamani halikuwa na h hilo, mpaka alipotokea bwana William Caxton, aliyepeleka mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, mafundi wake walikuwa wamezoea uandishi wa kule Flanders, Ubelgiji ya leo, wakachomeka h kama walivyozoea, ikaganda mpaka leo. Yani neno la mzuka nalo lina herufi mzuka! Nikaweka kikombe chini kwanza.

Bado kuna debt, deni. Watu walikuwa wanaliandika kwa raha zao bila b, wakaja wasomi wakaipachika ili lifanane na Kilatini, debitum. Deni lenyewe zito, unaliongezea na mzigo. Duka la jirani nina debt ya mchele kilo tatu na hiyo b naisikia kila nikipita.

Nikarudi nyumbani nimefura. Nakuta mama watoto anakanda unga wa mahamri, jasho linamtoka, binti pembeni anasema, "Mama hapo una-knead, k haitamkwi." Jamani! Kazi ya kutoa jasho vile, k ya Mwingereza imekaa pembeni inaangalia, wakati kukanda yetu ina k mbili na zote zinakanda.

Hapo nikatoa hotuba. Nikasema Kiswahili ndo lugha ya haki, unachoandika ndo unachosoma, hakuna janja janja. Binti kaniacha nimalize, adabu anayo, akasema, "Samahani baba, sisi tunakaa barabara ya ngapi?"

Ya kumi na mbili, we hujui?

Akaandika kwenye daftari, barabara, akaniambia soma. Nikasoma, bara-BA-ra. "Na ukishamnyooshea mteja rimu ikakaa sawa, unamwambia imekaaje?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Ba-RA-bara. Herufi zile zile nane, hakuna iliyohama hata moja, na mi fundi neno hilo nalitumia kila siku na nimekaa mtaa huo miaka yote. Mama watoto kacheka mpaka unga ukamruka usoni.

Nikasema haya lete daftari tuanze tena, dough ni do. Kesho kutwa anasema wanapewa fungu la e-i. Nimechungulia, neno la kwanza ni receipt, risiti. Nimeiona p pale karibu na mwisho, na mi nimenyamaza kama yenyewe.