Wikiendi hii lala Mikindani

Wengi wetu tunaoishi Mtwara mjini tunaijua Mikindani kwa kupitia dirishani. Basi la Dar es Salaam likishafika pale, ghuba ikaonekana, watu wanaanza kushusha mabegi, maana zimebaki kilometa kama 10 tu. Akija mgeni tunampeleka kwa bajaji, anapiga picha mbili tatu, tunageuza. Kisha tukichoka na kazi tunahesabu nauli ya Zanzibar!

Mimi nasema Mikindani ni mji wa kulala, si wa kupita. Mchana jua ni kali na vichochoro vimenyamaza, kwa hiyo anayekuja saa sita akaondoka saa nane ataona magofu tu. Uzuri wake unaanza alasiri. Wazee wanatoka barazani, watoto wanarudi madrasa, na ukipita bila kuamkia utaulizwa umetoka kwa nani. Amkia, kaa, nawe utapata habari za mji huu. Utaambiwa Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, lakini utasikia pia habari za majahazi na za watumwa walioletwa pwani kutoka bara, na hizo ndizo zinazonigusa zaidi.

Jioni tafuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Inauzwa imechemshwa, bado ya moto. Unaambua ganda jembamba kwa meno, unachovya kwenye chumvi na pilipili ya kusaga, unatafuna taratibu. Huwezi kuila kwa haraka hata ukitaka. Asubuhi maji yakipwa, shuka ufukweni utazame akina mama wakiokota chaza. Simu iache chumbani.

Wenye uwezo hulala kwenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Limekarabatiwa vizuri, na hapo ndipo roho inaponiuma. Boma la mtawala limesimama imara huku nyumba za wenyeji, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, zinaporomoka. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haifi kwa uzee. Inakufa paa likitoboka, mvua ikaingia ukutani, udongo ukalainika, na mawe yakaanza kuachana. Wengine wanaziba nyufa kwa saruji, kumbe saruji inafungia unyevu ndani na kuumaliza ukuta. Kinachotakiwa ni chokaa, boriti, na fundi anayeijua kazi hiyo.

Fedha ya paa itatoka wapi kama sisi majirani hatulali hata usiku mmoja? Ningependa kuona wenye nyumba hizo wakisaidiwa kukarabati chumba kimoja kimoja na kukipangisha kwa wageni wa Ijumaa hadi Jumapili. Hadi hapo, ukienda, lala kwenye nyumba ya wageni ya mwenyeji, nunua samaki kwa mvuvi mwenyewe, na mlipe mama atakayekupikia wali wa nazi bila kumpunguzia bei.