Mvinyo Mwekundu Uliokomaa Hautaki Joto la Dar

"Bosi, nyekundu hainywewi baridi. Inanywewa kwa joto la chumba." Kaa kwenye baa ya hoteli Masaki au Nyali, agiza mvinyo wa maana, utaambiwa hivyo, tena kwa upole wa mtu anayekuokoa usiaibike mbele ya wageni wako. Kisha chupa ya laki kadhaa inashushwa kutoka rafu ya juu kabisa, kule karibu na dari ambako joto lote la jengo hukusanyika. Inafunguliwa, inamiminwa, na wanywaji wanakunja nyuso: kumbe mvinyo wa bei mbaya nao unachoma koo tu.

Chumba kipi, jamani? Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, kabla ya mabomba ya kupashia joto, ambako chumba cha chakula kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Dar mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32, na usiku feni inazungusha hewa ileile ya moto. Nairobi mna ahueni, hilo nakubali shingo upande, na mtu wa Limuru anaweza kuitoa chupa kabatini ikawa sawasawa bila kuhangaika. Sisi wa pwani tumeichukua kanuni ya watu wa baridi tukaishika kama ilivyo, hata feni haikutushtua.

Wala sizungumzii boksi la lita 5 la kwenye sherehe. Hilo tia barafu, tia soda, tia hata ndimu, hakuna atakayekukamata. Naongelea mchanganyiko wa aina kadhaa za zabibu uliotengenezwa ukae: ule wa Bordeaux, Ufaransa, au ndugu zake wa Rasi ya Afrika Kusini ambao ndio hutufikia kwa urahisi zaidi. Huko Rasi, shamba la Meerlust walianza mchanganyiko wao, Rubicon, na mavuno ya 1980. Shamba la Kanonkop wakafuata na wao, Paul Sauer ya 1981. Mvinyo wa namna hiyo ukifikisha miaka 10, 15, unakuwa kitu kingine kabisa, na kitu hicho ni chepesi kuharibika mikononi mwa asiyekijua.

Ndani ya chupa kazi imegawanywa. Zabibu ya Cabernet Sauvignon, yenye punje ndogo na ganda nene, ndiyo inayoleta rangi, tanini (ule ukakasi unaokaza ulimi) na nguvu ya kuishi miaka mingi. Merlot huiva mapema, ina mnofu, nayo hujaza katikati ya ulimi pale Cabernet inapoacha pengo. Cabernet Franc ni ya manukato. Petit Verdot ikiwemo, mara nyingi ni asilimia chache tu, kwa ajili ya rangi na ukali. Wakulima wa Bordeaux hawakuanza kuchanganya kwa mbwembwe. Merlot huchipua mapema, hivyo hupigwa na baridi kali ya Aprili. Cabernet huchelewa kuiva, hivyo hukutwa na mvua za mwisho wa msimu. Aliyepanda zote mbili hakukosa cha kutia pipani.

Ukiwa mchanga, mvinyo huu unakaza ulimi na ufizi kwa ukakasi ule wa bibo. Miaka inavyokwenda, tanini na chembe za rangi hushikana, hukua, huwa nzito, hatimaye huzama chini. Ndiyo mashapo unayoyaona. Kinywani kunabaki ulaini, na matunda yanapisha tumbaku kavu, ngozi, mbao ya mwerezi, uyoga, tini zilizokaushwa. Harufu zote hizi ni za chini chini, hazipigi kelele. Sasa chukua kinywaji chenye pombe ya asilimia 14, kipashe hadi nyuzi 29. Pombe inaruka kutoka kwenye glasi na kufika puani kabla ya kitu kingine chochote. Mvinyo mchanga wenye tunda nene unaweza kushindana nayo. Mzee hana ubavu huo. Umelipia miaka 15 ya ngozi na tumbaku, unanusa spiriti. Halafu lawama anapewa mtengenezaji!

Na nyie wa "tupia friza" msicheke. Kwenye nyuzi 5 harufu inafunga mlango, na tanini iliyosalia inageuka uchungu. Kipimo kinajulikana: inywewe kati ya nyuzi 16 na 18. Kwa pwani mimi nasema imiminwe ikiwa 15, kwa sababu kwenye baraza la wazi glasi itapanda nyuzi kadhaa ndani ya robo saa. Mimina kidogo kidogo, mililita 80 hivi, na kilichobaki kirudi mahali pa baridi.

Kuifikisha huko hakuhitaji mashine. Chupa iliyokuwa kwenye chumba cha nyuzi 29 inachukua kama saa moja na nusu kwenye friji ya kawaida kushuka hadi 16. Ndoo iliyojaa nusu barafu, nusu maji, inaifanya kazi hiyo kwa dakika 12 hadi 15. Narudia: na maji. Barafu tupu inachelewesha, maana kati ya vipande kuna hewa, na hewa ni mvivu wa kupitisha joto. Chupa iliyokwisha kulala friji itoe kama saa moja kabla. Kipimajoto cha jikoni kitamaliza ubishi wowote, ingawa ukishazoea, kiganja kwenye bega la chupa kinatosha: uhisi ubaridi wa wazi, lakini mkono usitake kukimbia.

Sasa mashapo, ambako ndiko chupa nyingi nzuri hufia. Chupa imelala miaka, uchafu wote umejilaza ubavuni. Isimamishe wima saa 24 kabla, 48 ni bora, mahali pasipo na mtikisiko. Mhudumu anayekuja nayo mezani huku akiining'iniza na kuizungusha kwenye ndoo amezoea juisi za "tikisa kabla ya kutumia". Akishafanya hivyo, unga ule mchungu unasambaa kwenye kila glasi na hakuna cha kurekebisha usiku huo.

Kata foili chini ya ukingo wa mdomo, futa shingo kwa kitambaa chenye unyevu. Ukungu ukionekana juu ya kizibo usishtuke. Kizibo cha umri huo ni laini na kinavunjika. Kizibuo chenye vijembe viwili bapa kinafaa kuliko cha nyoka, kile cha msokoto: anza kuingiza kijembe kirefu kati ya kizibo na kioo, ufuate kile kifupi, vishushe kwa kuyumbisha kushoto na kulia, kisha vuta huku ukizungusha. Kama una cha nyoka tu, kishushe mpaka mzunguko wa mwisho na vuta taratibu bila kukurupuka. Kikikatika nusu, ingiza upya kwa kulalia upande. Kikitumbukia, si msiba: chuja kwa kitambaa chepesi cha pamba kilichooshwa bila sabuni ya manukato.

Kisha mwanga. Zamani ilikuwa mshumaa. Tochi ya simu iliyolazwa mezani ikiangalia juu inafanya kazi safi zaidi. Shika chupa kwa kiwiliwili, shingo iwe juu ya mwanga, mimina kwenye jagi la kioo kwa mkondo mmoja mwembamba usiokatika. Usiinue chupa katikati ya kazi, hata simu ikiita, kwa sababu kila ukiinyanyua mvinyo unarudi nyuma na kukoroga chini. Mwanzo shingo itakuwa nyekundu angavu. Zikibaki sentimita chache, utaona uzi mwembamba kama moshi ukitambaa begani mwa chupa. Mabega yale ya chupa ya Bordeaux yanasaidia hapo, yanauzuia kidogo. Uzi ukigusa shingo, acha. Hapo chini zimebaki mililita 50 au 70. Ndiyo, inauma. Ziache.

Kuhusu "kuipa hewa", watu wamepitiliza. Mchanganyiko wa miaka 5 unafaidika na saa moja au mbili kwenye jagi, hilo sina ugomvi nalo. Wa miaka 15 mimina muda mfupi tu kabla ya kunywa. Uliozidi 20, onja kwanza palepale, kwa sababu kuna unaokuwa mzuri nusu saa halafu ukazimika. Anayeuacha wazi saa tatu "upumue" anaukatisha pumzi.

Glasi iwe pana chini na nyembamba juu, ijae theluthi tu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingo, siyo katikati: zambarau maana yake bado mtoto, rangi ya tofali maana yake umri umefika, kahawia iliyofifia hadi katikati maana yake huenda umechelewa. Nusa kwanza bila kuzungusha. Hili naomba lizingatiwe. Zile harufu za juu kabisa, za maua makavu na mwerezi, hutoka mwanzoni, na kuzungusha glasi kwa nguvu kunazitawanya kabla hujazipata. Nusa, subiri, zungusha kidogo, nusa tena. Onja kiasi cha kijiko cha mezani, kizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo juu yake, meza, halafu hesabu kimoyomoyo. Ladha ikifutika kabla ya sekunde tano, chupa hiyo imepitwa au haikuwa na mengi tangu mwanzo. Rudia baada ya dakika 20, kisha 45. Mchanganyiko mzuri haukai pale pale; mara nyingi tunda lililojificha linarudi raundi ya pili, na mkazo wa tanini unaufuata mwishoni badala ya kukupokea mlangoni.

Makosa yanayorudishwa mezani yajue, usione haya. Harufu ya boksi lililoloana au chumba cha chini kilichofungwa miezi ni ugonjwa wa kizibo. Hewa haiuponyi, inazidi. Harufu ya tufaha lililopondeka, rangi ikiwa kahawia: hewa imeingia zamani. Siki, au kile kiondoa rangi ya kucha, ni bakteria. Ladha ya plamu zilizochemshwa pamoja na kizibo kilichojisukuma juu ni chupa iliyopikwa na jua. Kiberiti kilichowashwa usikirudishe haraka. Mpe dakika 10, kwa kawaida kinaondoka. Vipande vinavyometa chini ya kizibo siyo vioo, ni chumvi za zabibu zenyewe, kula salama. Na mashapo siyo kosa, jamani.

Dukani angalia kabla ya kutoa pesa. Chupa iliyosimama wima miaka chini ya taa kali, kizibo chake kimekauka na hewa inapita. Angalia kiwango: chupa ya miaka 10 inapaswa kuwa imejaa hadi shingoni, ikiwa imeshuka katikati ya bega, muuzaji akupunguzie bei sana au umwachie. Papasa juu ya foili. Kizibo kilichochomoza au alama ya mvinyo uliovuja shingoni ni dalili ya joto, huenda kontena lilikaa juani bandarini. Nyumbani ilaze, gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 15 kama unazo. Kama huna, na wengi hatuna, nunua ya kunywa mwezi huu, usijidanganye kwamba unakomaza chochote kwenye kabati la Kinondoni.

Na umri peke yake si cheo. Nyekundu nyingi za supamaketi zilitengenezwa zinywewe ndani ya miaka mitatu au mitano. Merlot ya bei nafuu ya 2009 iliyofungiwa kwenye kioo kama johari imezeeka tu, haikukomaa. Zetu za Dodoma nazo, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nyingi ni za kunywa changa, na hakuna ubaya wowote.

Chakula: mbuzi wa kuchoma, chumvi ya kiasi, bila pilipili, maana pilipili inaamsha moto wa pombe. Pilau nzito ya karafuu itaufunika mzee. Iandalie mvinyo mchanga.

Kilichobaki usikitunzie Jumapili. Mzee huyo kesho asubuhi ameshalegea, hata ukimfunga vipi. Yale mashapo mililita 60 chuja, tia kwenye mchuzi wa nyama unaochemka taratibu, dakika 20 kabla ya kuipua.