Mpeni mwanafunzi miti kwanza

Mara ya kwanza kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke niliingia msituni na darubini, kitabu cha ndege, na mlio wake nimeukariri. Nilizunguka tangu alfajiri mpaka jua la utosi, nisione hata unyoya. Jioni nilimsimulia mzee mmoja wa Kigiriama ambaye ameongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke tangu mimi sijaanza shule. Hakuuliza nilisikia nini. Aliuliza, "Mwanangu, ulikuwa unakanyaga mchanga wa rangi gani?"

"Mweupe, mzee."

"Basi ulikuwa kwenye mirihi. Bundi wako yuko kwenye mifunda."

Alikuwa ananitajia miti ya aina mbili, kila mmoja na udongo wake. Swali lile lilinifunza kuliko kozi nzima ya kuongoza wageni niliyokuwa nimemaliza. Katika kozi hiyo tulikaa siku nyingi na simba, kifaru na nyati: mimba miezi mingapi, meno mangapi, kilo ngapi. Miti ilipewa asubuhi moja tu, tena kwa picha zilizomulikwa ukutani. Nimeongoza wageni kwa miaka kadhaa sasa, na kila msimu naamini zaidi kwamba mpangilio ule umepinduliwa. Anayetaka kuwa mwongoza wageni wa porini aanze na mimea. Wanyama wafuate.

Arabuko-Sokoke, hapa kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kama kilomita za mraba 420. Kwenye ramani ni msitu mmoja, lakini ukiutembea ni mitatu. Upande wa bahari miti imechanganyika, mbambakofi na msandarusi na mgurure. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe ambako mrihi ndio mwenye nyumba. Miti imeachana na mwanga unafika chini. Magharibi udongo unageuka mwekundu, unaingia kwenye mifunda na mihuhu, vichaka vimesukana hata kupita ni kwa kuinama. Humo ndimo bundi wetu anamolala mchana, mara nyingi wawili bega kwa bega, wakubwa kama ngumi. Ndege aitwaye kwera wa Clarke utamkuta juu ya mirihi, akipita kwa makundi. Ndege mwingine, chozi wa Amani, naye ni wa mirihi. Mwenye kujua miti anajua aelekee wapi kabla hajasikia mlio wowote. Asiyeijua atategemea bahati, na mgeni aliyetoka mbali hakulipia bahati.

Sange, mnyama mdogo wa msituni, ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Yule mwenye matako ya dhahabu anapatikana pwani ya Kenya tu, na maisha yake yote yamo ndani ya majani makavu. Anayachakura kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu na buibui, na kwa majani hayohayo anajijengea tundu la kulalia. Ukimfundisha mwanafunzi sange bila kumwonyesha ni mti gani unaangusha majani, na ni kiasi gani yamelala chini, umemfundisha picha.

Wenzangu hunijibu kwamba wageni wanalipa kuona wanyama, na mti unawachosha. Ni kweli kwamba unawachosha, kwa sababu tunautaja jina kisha tunapita. Simama chini ya msandarusi umwonyeshe mgeni utomvu uliogandana kwenye gome. Mwambie kwamba sandarusi, yaani utomvu huo ukishakuwa mgumu, ilichimbwa ardhini katika pwani hii ya Afrika Mashariki, ikapakiwa Unguja karne ya 19 na kusafirishwa mpaka Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Mpe mbegu ya mbambakofi mkononi, nyeusi yenye kofia nyekundu. Msubirishe wakati wa jua kali asikie maganda ya mrihi yakipasuka na kurusha mbegu. Sijawahi kuona mgeni akipiga miayo hapo. Tena mti haukimbii. Siku ambayo sange amejificha, mwenye miti bado ana safari nzima ya kusimulia, na asiye nayo ana pole tu.

Wakulima wa vipepeo walilielewa hili zamani. Mradi wa Kipepeo ulipoanza pale Gede mwaka 1993, watu wa vijiji vinavyozunguka msitu walianza kufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga wakingoja kugeuka vipepeo, wanaopelekwa ng'ambo. Kazi hiyo huianzi na kipepeo. Kiwavi hali kila jani; wengine wako tayari kufa njaa kuliko kugusa jani la mti usio wao. Ilibidi mama shambani ajue mti gani ni wa kipepeo gani, aupande, ndipo afuge. Kuna akina mama huko ambao wangewafundisha wanafunzi wa kozi zetu kwa wiki nzima bila kurudia somo, na ningependa sana waitwe, walipwe kama walimu wengine.

Jambo la mwisho linaniuma. Mti wa muhuhu umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago. Nimepita na vijana wenye vyeti kando ya visiki, wao macho yako juu wanatafuta ndege, hawajui kwamba tumepita mahali palipoibiwa. Hawakuzembea. Hawakufundishwa muhuhu unafananaje ukiwa umesimama, sasa watautambuaje ukiwa haupo?

Kijana aliyekuja kujifunza kwangu mwezi uliopita ana darubini nzuri aliyonunuliwa na mjomba wake. Nimemwomba aiache nyumbani mpaka mvua za vuli ziishe. Kila asubuhi tunaanzia kwenye mchanga mweupe, tunatembea kuelekea magharibi, na kazi yake ni moja: aniambie tusimame pale mrihi wa mwisho ulipo. Juzi alisimama hatua kumi kabla yangu. Nikarudi nyuma kuhakikisha, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi.